UZI: Kirusi kimeshaondoka, mbona vidole bado havikunji? Tuongee kuhusu inflamesheni

Hadubini Kuukuu (#1)

Wakuu salaam.

Juzi kwenye ule uzi wa dawa za maumivu, mtu kaandika kwamba inflamesheni ni mama wa magonjwa yote, iue mapema kabla haijakuua. Akapigiwa makofi kweli. Nikajibu kwa mistari miwili nikaambiwa kama najua sana nilete uzi wangu. Haya, huu hapa. Kazi yangu ni maabara, mwaka wa kumi na saba huu. Mimi si daktari, kwa hiyo msinitumie picha za vipimo vyenu kwa siri.

Kwanza neno lenyewe, yaani mwili kuwaka, kuvimba na kuuma unapojilinda. Kamusi zetu zina "mchochota": mchochota wa ini, mchochota wa figo. Neno tamu, ila nikilitamka dirishani kwangu watu wananitolea macho. Wengine husema "uvimbe". Sasa mwambie mama wa watu ana uvimbe kwenye ini uone atakavyoangua kilio, maana kwake uvimbe ni saratani. Nitasema inflamesheni, na nikichoka nitasema mchochota.

Kisa kilichonifanya niandike ni cha mama yangu mdogo, aliyeolewa Likoni. Mwanzoni mwa 2018 chikungunya, ile homa ya kirusi inayoenezwa na mbu, ilipokuwa inatembea Mombasa, ikapita na kwake. Homa ilimshika adhuhuri akiwa jikoni, ikifika magharibi hawezi kusimama. Siku ya nne homa kwisha, wakashukuru Mungu. Mimi nilifika kumtazama wiki ya saba. Asubuhi nikamwona anahangaika na kifuniko cha chupa ya chai. Kaikumbatia chupa kwapani, anasukuma kifuniko kwa kiganja, vidole vimekakamaa kama vya sanamu. Kanga alikuwa anafua lakini hakamui. Anaianika hivyo hivyo inavuja maji uani kama mvua ya kuanza. Ikifika saa sita mchana vidole vinalegea, huyo anakuna nazi na kusutana na jirani. Alfajiri ya pili, yale yale.

Kirusi cha chikungunya hukaa kwenye damu kama wiki moja tu. Sasa nani kamshika mama mdogo vidole wiki ya saba?

Na kwa msiojua, jina hilo ni letu. Ni la Kimakonde, lenye maana ya kile kinachokunja. Mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, huko kwetu kusini mwa Tanzania upande wa Newala, ndio uliofanya ugonjwa huu utambuliwe, na watafiti Robinson na Lumsden wakauchapisha 1955. Uwanda ule una shida ya maji. Watu waliyafuata mbali na kuyaweka ndani kwenye mitungi, na yule mbu wa madoa meupe anapenda mtungi kuliko dimbwi. Bibi zetu hawakuwa na hadubini, ila angalieni walivyoupa jina. Hawakuuita kwa homa. Waliuita kwa namna unavyomkunja mtu viungo.

Naendelea nikishakula.

Kigoda Mbele (#2)

Nimekaa. Nani ana karanga?

Sindano Moja (#3)

Mkuu maneno mengi. Mimi nina duka la dawa huku mtaani mwaka wa tisa. Mtu akija kakunjamana namna hiyo: diklo ya maumivu sindano moja, deksa ya kushusha uvimbe vidonge siku tatu, kesho unamwona kwenye bodaboda anakupungia. Nadharia zenu wa maabara hazimlishi mtu.

Hadubini Kuukuu (#4)

Sindano Moja, nakuja kwako, usiondoke. Hiyo deksa ina kisa chake mle mle Likoni.

Tuanze na upande mzuri, kwa sababu ndio watu wanausahau.

Kirusi kikishaingia kwenye seli, ile seli inajua imeingiliwa. Inatoa protini kwenda kwa majirani: fungeni milango, mwizi yuko kwangu. Protini hiyo inaitwa intaferoni. Iligunduliwa London 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, walipoona kwamba vipande vya utando wa yai la kuku vikishakutana na kirusi cha homa ya mafua, hata kilichouliwa, vinaachia kitu kinachozuia kirusi kingine kisiote. Ukisikia watu wa Usukumani wakipiga mwano, lile yowe la hatari, usiku, kijiji kizima kinatoka na mikuki kabla hata hakijajua kaibiwa nani. Intaferoni ndiyo mwano. Halafu ndio sungusungu wanatoka: mishipa ya damu inatanuka, kuta zake zinalegea ili askari wapite, maji yanafuata, sehemu inakuwa nyekundu, ya moto, imevimba, inauma. Vitu vinne hivyo Celsus wa Roma aliviandika karibu miaka elfu mbili iliyopita, na havijabadilika.

Homa nayo ni ya kwetu. Kirusi hakileti joto mfukoni. Ubongo wako ndio unapandisha, baada ya kupewa taarifa na kemikali za hao askari. Kichwa kugonga, hamu ya chakula kukata, mwili kutaka kulala tu: sehemu kubwa ya unachokiita "kuumwa" ni mwili wako uko kazini. Kirusi cha mafua ya kawaida hustawi zaidi kwenye nyuzi 33 mpaka 35, ndio maana makao yake ni puani ambako hewa hupoza. Mwili ukipandisha joto hauna wazimu.

Sasa mnyang'anye mtu huo mwano uone. Panya wa maabara waliozaliwa hawana mlango wa kupokea intaferoni, ukiwapa chikungunya wanakufa, wakati panya wazima wenzao hawafi. Na kwa binadamu tuliona kwenye Corona. Mwaka 2020 watafiti waliangalia wagonjwa 987 waliozidiwa sana. Kati yao 101 walikuwa na kingamwili zao wenyewe zinazoishambulia intaferoni yao wenyewe. Zaidi ya mmoja katika kila kumi! Mwizi yupo ndani, mpiga mwano kazibwa mdomo.

Kwa hiyo "iue mapema" ni ushauri wa kufunga mdomo wa mlinzi.

Ng'wana Shija (#5)

Mkuu uzi mzuri ila mfano wako wa sungusungu unautazama kwa mbali. Mimi nimezaliwa Shinyanga. Walianza miaka ya themanini mwanzoni kufukuza wezi wa ng'ombe na kweli walisaidia, hakuna atakayekataa. Baadaye mambo yakaharibika, watu wakachapwa na kufukuzwa vijijini bila ushahidi. Na kanda hiyo hiyo yetu unajua vikongwe waliuawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi miaka hamsini. Mtu anasema huyu mchawi, kumbe ni bibi anapika.

Hadubini Kuukuu (#6)

Ng'wana Shija umenisogeza mbali kuliko nilikotaka kufika, lakini hapo ndipo penyewe. Macho mekundu ya moshi ni inflamesheni. Dalili ya bibi kuumia, wenzake wakaisoma kuwa dalili ya bibi kuumiza.

Na mfano wangu haukuwa wa kusifia. Nilikuwa nataka kufika huko huko: wale waliotoka usiku na mikuki wasiporudi nyumbani asubuhi.

MzeeWaTandale (#7)

Samahani wakuu naingilia. Mdogo wangu ana siku ya tano leo. Alianza na homa kali, macho yanamuuma kwa nyuma, mgongo. Malaria kapimwa hana. Tukaambiwa UTI na taifodi kama kawaida yao. Jana kachomwa diklo. Leo homa imeshuka kabisa, mwili wa baridi, tumefurahi. Ila anatapika toka alfajiri na anasema tumbo linambana. Ni hiyo dawa imemkataa au?

Muuguzi wa Zamu (#8)

MzeeWaTandale, funga simu umpeleke hospitali SASA, usisubiri jioni. Yenye wodi na maabara, siyo duka wala zahanati ya uchochoroni. Waambie siku ya tano, homa imeshuka, anatapika mfululizo, tumbo linauma, na alichomwa diklo. Waombe wapime dengue na picha kamili ya damu. Njiani mpe maji ya chumvichumvi (ORS ya pakiti) kwa vijiko kama anaweza kumeza. Asipewe aspirini, brufeni wala sindano nyingine ya kwenye tako.

Hadubini Kuukuu (#9)

Msikilize Muuguzi. Nenda kwanza, maswali baadaye.

Kigoda Mbele (#10)

Duh. Lakini dada Muuguzi, homa imeshuka si ndio nafuu?

Muuguzi wa Zamu (#11)

Kaka, hapo ndipo dengue inapodanganya watu. Nilikuwa wodini Dar mwaka 2014 na tena 2019, naandika nilichokiona.

Dengue ina siku za homa, halafu kati ya siku ya tatu na ya saba homa inashuka. Wengi hapo wanapona kweli. Wachache ndio wanaingia kwenye saa 24 hadi 48 za hatari, na wanaingia wakiwa baridi! Ndugu wanaleta uji wakicheka, mgonjwa kakaa kitandani anajibu salamu, vidole vya miguu ni vya baridi na mapigo yanakimbia. Ukipima damu unakuta imekuwa nzito, ule ujazo wa chembe nyekundu umepanda, kwa sababu maji ya damu yamevuja kutoka kwenye mishipa kwenda tumboni na kuzunguka mapafu. Damu imebaki kama uji uliokaukiwa sufuriani.

Na mnajua ajabu yake? Saa hiyo kirusi kwenye damu kinapungua. Kirusi kinakimbia, mgonjwa anazama. Kuta za mishipa zimelegezwa na kemikali nyingi za ulinzi, saitokini, zikisaidiana na vitu vingine vya kirusi chenyewe. Ule ulegevu wa kuta ambao Hadubini kasema ni wa kupitisha askari umepita kiasi.

Tena dengue ni ya aina nne. Ukiugua aina moja unakuwa na kinga nayo. Baadaye ukikutana na aina nyingine, zile kingamwili za zamani zinaweza kukishika kirusi kipya bila kukiua, zikakiingiza wenyewe ndani ya seli. Ndio maana mara ya pili hatari ya kuzidiwa ni kubwa kuliko ya kwanza. Kinga ya jana inamfungulia mgeni mlango.

Diklo nimeikataza kwa sababu chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshapungua, na dawa za jamii hiyo zinazilegeza zilizobaki na kuchubua tumbo. Sindano ya msuli nayo inaweza kuvujisha damu humo humo ndani. Panadol kwa kipimo chake inatosha, na maji.

Sindano Moja (#12)

Sawa kwa dengue nimekubali. Mimi sio mkaidi wa kijinga. Ila deksa mnaionea. Wakati wa Corona si ndio iliyookoa watu Ulaya? Nilisoma mwenyewe. Ni dawa ya bei ya pipi na imeshinda madawa ya mamilioni.

Hadubini Kuukuu (#13)

Umesoma vizuri, ila ulisoma nusu ya jedwali. Ngoja nikuwekee lote, maana sijawahi kuona takwimu zinazoeleza uzi huu kuliko hizo.

Juni 2020, Uingereza, ule utafiti mkubwa wa RECOVERY. Wagonjwa zaidi ya 2,100 walipewa deksa miligramu 6 kwa siku, zisizidi siku kumi, na zaidi ya 4,300 hawakupewa. Wakahesabu waliofariki ndani ya siku 28.

Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia: bila deksa walifariki 41 katika kila 100. Wenye deksa, 29. Hiyo ni tofauti ya kuvua kofia.

Waliokuwa wanapewa oksijeni tu: 26 bila deksa, 23 kwa deksa.

Ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa: 14 bila deksa, na kwa deksa 18. Huko faida haikuonekana, na mwelekeo ulikuwa wa madhara.

Dawa ile ile, kipimo kile kile, hospitali zile zile. Kilichobadilika ni ugonjwa umefika wapi. Aliyefika kwenye mashine, kirusi si tatizo lake kubwa tena. Mapafu yamejaa askari wake mwenyewe wanavunja milango ya majirani. Huyo deksa inawaita warudi. Ambaye bado anapumua vizuri, askari wake ndio kwanza wanamkimbiza mwizi, na wewe unawapigia simu wakalale.

Sasa mteja wako anayekuja kwa miguu, anaongea, siku ya pili ya homa, yuko kundi gani?

Sindano Moja (#14)

Hapo umenipiga chenga.

Mwalimu Baiolojia (#15)

Naomba niongeze mfano ninaoutumia darasani kidato cha sita. Homa ya ini aina ya B. Wanafunzi wote huandika "kirusi kinaua seli za ini". Nawakata alama.

Kirusi chenyewe kinaweza kuishi ndani ya seli ya ini miaka na miaka bila kuiua. Anayeiua ni seli T, askari wa kinga ya mwenye ini, akiikuta imehifadhi mhalifu. Manjano ya macho unayoyaona kwa mtu mzima ni operesheni inaendelea.

Uzuri wa mfano huu uko kwenye umri. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi anaugua, ini linachochota kweli kweli, halafu anakisafisha: chini ya watano katika mia ndio wanabaki nacho. Mtoto mchanga akikipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, haugui. Kinga yake inamwona mgeni kama mwenyeji, hamna vita. Mama anafurahi mtoto mzima. Lakini karibu tisini katika mia ya watoto hao wanabaki na kirusi, na wakishakua ndio ule mchochota mdogo mdogo usiokwisha unaanza, unakula ini taratibu mpaka linakuwa kovu, wengine saratani. Vita kubwa ya mwezi mmoja inaponya, ugomvi mdogo wa miaka thelathini unaua.

Chanjo kwa mtoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa ndiyo dawa ya hili, na hapo nafunga, nisije nikaanza kusahihisha madaftari humu.

Kigoda Mbele (#16)

Mwalimu tumekuelewa kuliko yule wa kwetu aliyekuwa anauza ubuyu.

Swali la kizushi: popo je? Tunaambiwa ndio mwenye kirusi cha Marburg, ile homa ya kuvuja damu ya Bukoba 2023. Mbona yeye hafi?

Hadubini Kuukuu (#17)

Swali si la kizushi hata kidogo. Popo wa matunda wakaao mapangoni, kama wale wa pango la chatu kule Uganda kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth, wameonekana na kirusi cha Marburg na wako wazima, wanazaa na kugombana kama kawaida. Mtu akiingia pango hilo anaweza kutoka na ugonjwa wa kumuua. Mtalii wa Uholanzi ilimpata 2008.

Popo sio kwamba ana jeshi kubwa kuliko letu. Watafiti walipochungulia seli za popo wa aina mbalimbali walikuta baadhi yao intaferoni iko macho muda wote hata bila mwizi, lakini vile viwashio vya mchochota mkali vimepunguzwa makali. Mlinzi hasinzii getini, ila hana panga. Wengi wanahisi ni kwa sababu ya kuruka: kuruka kunachosha mwili na kuacha uchafu mwingi ndani ya seli, na kama angekuwa anavimba kwa kila uchafu asingefika mti wa pili. Hiyo ya kuruka ni dhana, lakini naipenda.

Binti wa Kibokoni (#18)

Assalam aleikum. Mimi ni wa hapa Mombasa, nataka kurudi kwa mamako mdogo, maana umetuacha njiani. Mamangu alishikwa hiyo hiyo 2018. Mpaka leo msimu wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, kifundo cha mguu chamuuma. Watu wazima huku Lamu na Mombasa wasema walishaiona 2004. Kwani kile kirusi kiko ndani bado ama hakiko? Na mamako mdogo alifanyaje?

Hadubini Kuukuu (#19)

Waaleikum salaam dada. Ni kweli, 2004 ilianzia Lamu kwa ukali, watu walio wengi kisiwani waliambukizwa, ikashuka Mombasa, ikavuka bahari kwenda Komoro 2005 na kufika Réunion. Réunion ilipiga zaidi ya theluthi ya kisiwa, watu kama 266,000. Kwa sababu kule kuna hospitali nyingi na wagonjwa walifuatiliwa kwa miaka, mengi tunayojua kuhusu maumivu yanayobaki yametoka huko.

Swali lako lina majibu mawili, yote yana watetezi. Réunion walimchunguza mgonjwa mmoja miezi 18 baada ya homa, wakatoa kipande cha utando wa ndani ya kiungo, wakakuta ndani ya makrofaji, zile seli zinazozoa taka, kuna mabaki ya kirusi: vipande vya jeni na protini zake. Kwa hiyo jibu la kwanza ni kwamba mwizi kaacha kiatu, na walinzi kila wakikiona wanapiga kelele upya. Jibu la pili ni kwamba kiatu kishaoza zamani, walinzi tu wamezoea kukesha. Kwa panya imeonekana kwamba kuvimba kwa mguu kunaongozwa sana na seli T aina ya CD4: ukiziondoa, uvimbe unapungua hata kama kirusi hakijapungua. Kwa wagonjwa tofauti huenda yote mawili ni kweli.

Mama mdogo sasa. Hapa ndipo ilipo deksa niliyomwahidi Sindano Moja. Wiki ya tatu jirani alimpeleka duka moja la dawa, akapewa vidonge vidogo kwenye karatasi ya kaki, bila jina. Siku ya pili akaamka anakamua kanga! Akampigia simu kila mtu. Akaendelea kununua, akanenepa uso, shavu kama andazi. Vidonge vikaisha, pesa ikakata, akaacha ghafla. Maumivu yakarudi na nduguze. Hayo ndiyo niliyoyakuta wiki ya saba.

Alipopelekwa kwa daktari wa viungo hakukuwa na muujiza. Alipimwa kwanza isije ikawa baridi yabisi ya kweli, maana zinafanana sana. Dengue haikuwa tena hofu kwa muda uliokuwa umepita, kwa hiyo akapewa brufeni kwa wiki chache, baada ya chakula, huku figo na presha vikiangaliwa. Beseni la maji ya uvuguvugu kila alfajiri, anafumba na kufumbua ngumi humo ndani mpaka maji yapoe. Mwezi wa tano chupa ya chai ikafunguka. Mwezi wa kumi na moja akaacha kulalamika, ingawa kidole gumba cha kulia mpaka leo kinamjulisha mvua kabla ya redio. Wapo wanaofika mpaka dawa nzito za kutuliza kinga, lakini hizo ni za daktari na vipimo vya mara kwa mara, sio za karatasi ya kaki.

Mamako aende kuonwa, hasa kama kifundo kinavimba na sio kuuma tu. Miaka yote hiyo ni mingi, huenda kuna jingine limejibanza humo.

Binti wa Kibokoni (#20)

Shukran kaka. Shavu kama andazi, umenichekesha na si jambo la kuchekesha.

MzeeWaTandale (#21)

Wakuu nimerudi. Samahani jana simu ilizima.

Dengue imeonekana. Tulipofika mapigo yalikuwa juu na presha imeshuka, wakamweka dripu pale pale kabla hata ya kadi. Chembe sahani elfu 31 tu. Kile kipimo cha damu kuwa nzito wakarudia kila baada ya saa kadhaa usiku kucha, mpaka nikawa nakijua kukisoma. Fizi zimetoa damu kidogo. Leo asubuhi kakojoa vizuri, daktari kafurahia mkojo kama kapewa zawadi. Kaomba wali maharage. Pale alipochomwa diklo pana uvimbe mweusi wa ukubwa wa kiganja.

Dada Muuguzi, Mungu akuweke. Nilikuwa nimeshamnunulia soda ya kusherehekea homa kushuka.

Muuguzi wa Zamu (#22)

Alhamdulillah. Mkojo ndio zawadi kweli, sisi tunaupima kwa mililita. Wakianza kupunguza dripu usiwagombeze: yale maji yaliyovuja yanarudi yenyewe kwenye mishipa, wakimwongezea mengine atashindwa kupumua. Na chandarua mchana pia, mbu huyu anauma asubuhi na jioni mapema, akimuuma yeye atawapelekea wengine wodini.

Kigoda Mbele (#23)

Karanga zimeisha, nimejifunza. Sindano Moja uko wapi, mbona kimya?

Sindano Moja (#24)

Nipo dukani. Kaja kijana sasa hivi, homa siku ya pili, mwili wote unauma, anataka diklo. Nikamwambia leo nakupa Panadol, kunywa maji, kapime malaria na dengue, homa ikishuka halafu ukatapika kimbia hospitali. Kaniangalia kama nimelewa. Kaacha Panadol juu ya kaunta.

Dakika kumi baadaye nimemwona anatoka kwa jirani ng'ambo ya barabara, anatembea kashika tako.